Marehemu Bado Anafunga Intaneti

Siku aliyokufa Roger, intaneti ya nyumba yake ilikatika saa moja jioni, kama kawaida.

Mwili ulikuwa bado hospitalini. Uani kwake, huko Mikelenge, mjini Kindu, majirani walikuwa wameshafunga turubai na kupanga viti, na vijana wa ukoo walikuwa wamejibanza ukutani, kila mmoja na simu yake, wakitangaza msiba. Ujumbe wa Kisangani ulikuwa umefika. Wa Goma ulikuwa umefika. Binamu mmoja alikuwa anamrekodia mjomba wa Lubumbashi sauti ndefu, na ndiyo kwanza alikuwa amefika mahali pa kulia, intaneti ilipokatika. Simu zote uani zikabaki zikizungusha kale kaduara ka kusubiri.

Watu wakatazamana. Kisha Espoir, mtoto wa mwisho wa marehemu, mwenye miaka kumi na macho yaliyovimba, akasema polepole, "Njo Papa. Ni yeye."

"Papa gani?" akauliza binamu, simu bado iko mdomoni.

"Papa njo anafunga. Kila siku, saa moja mupaka saa mbili."

Mama mmoja akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. Mwingine akadakia, "Roger huyu! Hata ameshakufa, bado anatukatia!" Kicheko kikapita uani kama upepo wa kabla ya mvua, watu wakijizuia na kushindwa. Ndani, Germaine, mjane, alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, wanawake wamemzunguka. Akauliza wanacheka nini. Alipoambiwa, alijifunika uso kwa kitenge, mabega yakatikisika. Waliokuwa karibu naye hawakujua kama analia au anacheka. Yeye mwenyewe hakujua.

Basi huyo ndiye alikuwa Roger. Kazi yake ilikuwa kupokea mizigo bandarini. Mtu wa kuhesabu magunia mchana kutwa haachi kuhesabu akirudi nyumbani, na alipoleta ile ruta, kijisanduku cheupe cha intaneti chenye masikio mawili, akaitundika kwenye msumari karibu na dirisha, chini ya waya unaotoka kwenye paneli ya jua, watoto walishangilia siku moja tu. Siku ya pili saa moja jioni ikafunga yenyewe, kama Roger alivyoipangia. Roger akasimama mlangoni akapiga makofi kama mkuu wa stesheni.

"Mwisho wa reli! Wote mushuke!"

Kwa kuwa reli ya kutoka kusini kweli inaishia Kindu, aliuona huo kuwa utani mkubwa sana. Akaurudia kila jioni kwa miaka mitatu, na kila jioni akaucheka peke yake.

Watoto walijaribu kila njia. Espoir aliwahi kuchomoa waya wa ruta na kuurudisha, akiamini itaamka imesahau ni saa ngapi. Haikusahau. Elodie, wa katikati, aliibembeleza kwa maneno matamu, mkono umeshika sikio lake moja. Princesse, binti mkubwa, alitoa hoja: wanafunzi wenzake wote hufungiwa usiku, wakati wa kulala, si saa ya chakula. Nani ameona baba anayefunga intaneti kwa muda wa saa moja tu halafu anaifungua tena? Roger akamwambia maneno hayo ni mazuri, ayahifadhi kwa ajili ya mahakama. Tena hata simu yake mwenyewe ilifungwa, nao walimwona mara nyingine akiigusagusa kwa kusahau, kisha akiirudisha mfukoni kama mtu aliyejifungia nje ya nyumba yake.

Saa ile walikaa uani, wakala, wakagombana. Roger alimchokoza mkewe, akisema maharagwe yake yanataka msumeno. Germaine alimjibu kwamba mwenye meno ya kukodi asilaumu maharagwe. Kitu kimoja tu alimwomba kwa uso usio na mzaha, tangu siku ya kwanza: "Saa moja ikifika, simu yako isikae mbali na wewe." Germaine akadhani anaogopa presha yake mwenyewe, asije akaanguka na kukosekana simu ya kumwita daktari. Kwa hiyo akawa anaifunga kwenye pindo la kitenge, sauti ameizima watu wale kwa utulivu, na wala haitazami. Aitazame ya nini, wakati zote zimefungwa?

Baada ya mazishi, mambo yakaenda kwa desturi. Mpaka siku ya kutoa matanga, vitu vya marehemu havisogezwi. Baiskeli yake ikabaki imeegemea ukuta palepale alipoiacha. Viatu vya bandarini vikabaki mlangoni, kimoja kimelala ubavu, na kila mtu akajifunza kuviruka. Ruta ikabaki kwenye msumari wake. Na kila jioni saa moja ikafunga.

"Mama," akauliza Elodie, "na saa ya kufunga, ni kitu cha marehemu?"

"Ni kitu chake kuliko baiskeli," akajibu Germaine. "Baiskeli alinunua. Ile saa aliitengeneza yeye."

Hapo ndipo taabu ya Princesse ilipoanza. Alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, na mtihani wa taifa ulikuwa unakaribia. Kemia ilimpiga. Shuleni kwao mwalimu wa kemia alikuwa amehamia Kisangani katikati ya mwaka, hakuna aliyekuja mahali pake. Mwalimu huyo, kwa huruma, akaanza kuwafundisha wanafunzi wake wa zamani kwa simu, kwa picha na sauti, kila jioni kabla ya kuingia kwenye kazi yake mpya. Saa gani? Saa moja. Mpaka saa mbili.

"Mama, saa ishirini na nne njo ziko kwa siku," akasema Princesse, "na mwalimu akachagua ileile ya Papa. Kama wamepatana!"

"Mwambie mwalimu aanze saa mbili."

"Saa mbili anaingia kulinda bohari, Mama. Huko simu ni marufuku."

"Basi wenzako watakuandikia."

"Wenzangu? Masudi akiandika fomula ya maji, inatoka petroli."

Germaine akacheka, lakini hakukubali. Akasema wasubiri matanga yatolewe. Princesse akajaribu kutumia mega za kununua, intaneti ya laini ya simu, lakini jioni mtandao wa simu pale Mikelenge hutambaa. Sauti ya mwalimu ilimfikia vipande vipande, kila kipande kikiwa kimeachana na maana yake. Kwenye zoezi la kwanza akapata mbili kwa kumi. Aliiacha karatasi mezani, mbele ya sahani ya mama yake.

Ikabaki nambari ya siri. Mwenye nambari ya siri angeweza kuingia ndani ya ruta na kuondoa ile saa, na Roger alikuwa amekwenda nayo. Watoto wakakisia kwa zamu: majina yao, jina la mama yao, jina la timu ya mpira, jina la mbuzi waliyewahi kumfuga. Espoir akajaribu "mwisho wa reli" kwa namna zote za kuandika. Germaine alikuwa anakata sombe, majani ya muhogo, karibu nao, akiwasikia, na kila ruta ilipokataa moyo wake ulitulia. Aliona haya kutulia namna hiyo. Mtoto wake anaanguka kemia, naye anashukuru mlango haufunguki.

Hakuwaambia watoto sababu. Ukianza habari za vita, watoto wa Kindu husema, "Eh, vita tena," na kutafuta mahali pa kwenda. Lakini yeye aliijua ile saa tangu ujana wake.

Wakati ule mji ulikuwa umezingirwa. Treni ilikuwa imelala, boti hazipandi wala hazishuki, chumvi ilikuwa habari ya kusimuliwa. Bibiche, dada yake Roger, alikuwa amekwenda kijijini Tunda kwa shangazi kutafuta mpunga, njia ikafungwa nyuma yake. Baba yao, Mzee Édouard, alikuwa na redio, na kila jioni saa moja kulikuwa na idhaa iliyosoma majina ya watu waliopoteana: fulani yuko mahali fulani, ni mzima, anawasalimu. Redio ilikula mawe, yaani betri, na mawe hayakuwepo sokoni. Mzee Édouard akatoa mawe kwenye tochi zote za nyumba yake. Yalipochoka, akamtuma Roger kwa majirani.

Roger akafika kwa baba yake Germaine kuomba mawe ya tochi. Germaine, msichana mwenye ulimi mrefu, akasema mawe ya kwao hayatoki bila mlinzi. Akaenda nayo mwenyewe. Jioni ile akaketi kwa Mzee Édouard, sauti ya redio imeteremshwa mpaka masikio yote yaligusana, kwa sababu ya askari. Ikiisha, mawe yakatolewa, naye akarudi nayo kwao. Kesho yake akaja tena. Kwao walimtania kwamba mawe mawili yanalindwa kuliko benki. Ukweli ni kwamba alishaacha kulinda mawe muda mrefu. Alikuwa anamtazama yule kijana aliyeyaomba.

Jina la Bibiche halikusomwa. Njia zilipofunguka, Mzee Édouard alikwenda Tunda kwa miguu akarudi peke yake, na hakuna aliyemwuliza alichoambiwa. Lakini kila jioni, mpaka alipokufa, saa moja alikaa kimya karibu na redio. Kwa hiyo Roger alipoifunga intaneti saa moja, Germaine hakuuliza. Ilikuwa ni saa ya kukaa na kusikilizana. Kama ikiondolewa, alijiambia, nini kitabaki cha mtu huyu kinachofanya kazi? Baiskeli haiendi yenyewe. Viatu haviendi vyenyewe. Ruta peke yake ndiyo iliyokuwa bado inamtii.

Siku ya kutoa matanga ikafika. Ndugu walikusanyika, Twaibu akaongoza. Huyu ni mdogo wake Roger, aliyesilimu alipooa, mtu mwenye kofia safi na mzaha usiokwisha. Wali ulipikwa, nyama ikapikwa, dua ikasomwa na sala ikasaliwa. Kilichosubiriwa ni sauti ya Emerance, dada yake Germaine aliye Goma. Alikuwa ameshindwa kusafiri, akaahidi kutuma maneno yake yachezwe mbele ya watu. Asubuhi Elodie alichukua simu ya mama yake, iliyokuwa imekaa bubu ndani ya kopo tangu msiba, akaifungulia sauti yote, na Germaine akaifunga tena kwenye pindo la kitenge. Mchana ukapita. Maneno ya Emerance hayakuja.

"Huyu shemeji wa Goma," akasema Twaibu, "alichelewa hata kuzaliwa. Tuendelee."

Wakagawa vitu. Baiskeli kwa Espoir, ingawa miguu haifiki. Viatu kwa Twaibu mwenyewe, ingawa havikumwenea. Alisema atavivaa akiwa anakaa. Kofia ya mvua, shoka, koti la harusi. Ikabaki ruta. Wazee wakakubaliana upesi: ni ya Princesse, ndiye mwenye masomo.

"Na nambari ya siri?" mmoja akauliza.

Twaibu akachomoa pini kwenye kofia yake. "Haina lazima. Iko katundu kadogo huku nyuma. Unabonyeza, unahesabu pole pole, inasahau kila kitu. Inakuwa sawa na ya dukani. Unaianza upya."

"Inasahau kila kitu?" akauliza Germaine.

"Kila kitu, shemeji. Hata jina la mwenyewe."

Germaine alikuwa ameshaitoa ruta kwenye msumari bila kujua, ameipakata kama kuku anayepelekwa sokoni. Jua lilikuwa limezama. Taa ndogo za kijani zilikuwa zinapepesa mapajani mwake, waya wake umenyooka mpaka dirishani. Espoir alikuwa anaangalia simu ya binamu yake. Ghafla akainua kichwa.

"Imefunga," akasema. "Saa moja."

Hakuna aliyepiga makofi mlangoni. Wote walisikia hayo makofi yasiyopigwa.

Twaibu akampa Princesse pini. Princesse akaishika, akapiga magoti mbele ya mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuwa na hoja.

"Mama, nibonyeze?"

Germaine akaitazama ile karatasi ya mbili kwa kumi, ambayo haikuwepo pale lakini aliiona. Akamtazama binti yake. Akaigeuza ruta, katundu kakaelekea juu.

"Bonyeza, mama," akasema, kama anavyomwita binti yake anapompenda sana. "Baba yako hakukuzaa uanguke kemia."

Princesse akaweka ncha ya pini kwenye katundu. Pini ikateleza mara mbili. Na kwenye pindo la kitenge cha Germaine simu ikalia: ting!

Watu wakageuka.

"Njo nini?" akauliza Twaibu.

"Simu ya Mama," akasema Elodie. Akalifungua lile pindo mwenyewe, akatazama kioo mara mbili. "Ni sauti ya Mama Mudogo Emerance. Imeingia sasa hivi."

"Haiwezekani. Imefunga," akasema Espoir.

"Labda ni mega zake."

"Mega gani?" Germaine akashtuka. "Tangu baba yenu alete hii ruta sijaweka mega hata siku moja."

Elodie akabonyeza. Sauti ya Emerance ikajaa uani, kubwa na yenye mafua: "Ndugu zangu, poleni, nimechelewa, musinikasirikie. Najua ni saa moja, Roger ameshawafungia, kwa hiyo maneno haya mutayapata saa mbili..."

Hawakuyasikia yaliyobaki. Watoto walikuwa wameshamvamia mama yao.

"Mama! Wewe haufungwagi?"

"Mama alikuwa na intaneti! Miaka yote!"

"Tulikuwa tunaangalia nyota, yeye iko na intaneti kwa kitenge!"

"Sikujua!" Germaine akajitetea, akicheka na kusukuma mikono yao. "Naapa sikujua! Sijawahi kuitazama saa hiyo. Ningeitazama saa ngapi? Baba yenu alikuwa anasema tu, na mimi nilikuwa namjibu."

Twaibu ndiye hakucheka. Alikuwa ameketi na vile viatu visivyomwenea mkononi.

"Shemeji," akasema, "unakumbuka mawe ya Mzee?"

Germaine akaacha kucheka, akamgeukia.

"Alitoa mawe kwa tochi zote. Mimi nilikuwa mutoto mudogo, nilianguka shimoni usiku nikiwa naenda chooni, hakuna tochi ya nyumba nzima iliyowaka. Nikamlaumu. Akaniambia, wote tunaweza kukaa gizani, lakini lazima kimoja kisikie, kama muntu anatafuta sisi." Akaielekeza pua kwenye ruta. "Kaka yangu amefanya vile vile. Amefunga zote. Moja ameacha wazi, na ameiweka kwa muntu ambaye hatokagi kwa nyumba."

Simu yako isikae mbali na wewe. Germaine akaishika ile simu kwa mikono miwili. Miaka mitatu alikuwa ameiweka kiunoni, akimngojea Bibiche pamoja na mumewe, bila yeye mwenyewe kuambiwa kwamba wanamngojea. Na Roger, aliyejua kuchokoza kila kitu kuanzia maharagwe, hilo hakulisema, labda kwa sababu lilikuwa halina mzaha ndani yake.

Princesse akaichomeka pini kwenye kofia ya baba yake mdogo. Alikuwa ameshaelewa, na machozi hayakumzuia kupiga hesabu.

"Mama," akasema, "kama simu yako haifungwagi... naweza kusomea kemia kwa simu yako?"

"Simu yangu haitoki kiunoni kwangu saa moja. Umesikia baba yako mudogo."

"Haitatoka. Mimi njo nitakuja kiunoni."

Twaibu akasema huyu mtoto kweli apelekwe mahakamani. Espoir akairudisha ruta kwenye msumari, akiwa amesimama juu ya kiti. Kisha akageuka, akapiga makofi, na kwa sauti yake ya kitoto akawatangazia ndugu wote kwamba reli imefika mwisho.

Sasa kila saa moja jioni intaneti inafungwa. Germaine anakaa mkekani, Princesse pembeni yake, simu katikati yao, na Elodie na Espoir wanasikiliza kwa kuwa hawana kingine cha kufanya. Espoir anajua alama ya sodiamu. Jina linaloonekana kwenye simu ya mwalimu wa Kisangani ni la mwenye simu, kwa hiyo mwalimu anapouliza swali huita "Germaine", na mama na binti huitika wote wawili.